Kutunza Betri ya Risasi na Asidi Katika Gari la Michezo Lisiloendeshwa Mara kwa Mara

Betri ya gari la michezo linalokaa gereji kwa wiki nyingi huharibika mapema kuliko ya gari linalofanya kazi kila siku, kwa sababu huachwa muda mrefu ikiwa nusu tupu. Mwenye gari akilishika jambo hilo moja, kazi yake yote inakuwa ni kuhakikisha kwamba betri imejaa wakati wote, gari liwe limetembea au halikutembea.

Gari lililozimwa halijatulia kabisa. King'ora, saa, kompyuta za gari na kipokezi cha ufunguo wa mbali huendelea kuvuta umeme, na katika gari zima lisilo na hitilafu mvuto huo huwa takribani miliampea 20 hadi 50. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku moja ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), na kwa siku 30 ni ampea-saa 36, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 60. Magari mengi ya michezo hubeba betri ndogo zaidi ili kupunguza uzito, kwa hiyo hesabu yake ni mbaya kuliko hii. Juu ya hayo, betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na chochote, na upotevu huo huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi.

Umeme unapotoka, asidi ya salfuriki huungana na risasi iliyo katika mabamba na kufanya salfeti ya risasi. Chembe zake zikiwa changa ni ndogo na laini, na chaji inayofuata huziyeyusha bila taabu. Zikiachwa kwa wiki kadhaa, hukua, hukomaa na kuyafunika mabamba, na sehemu iliyofunikwa hivyo haishiriki tena katika kazi ya betri. Ndiyo maana betri iliyowahi kutelekezwa inaweza kuonyesha volti nzuri mara tu baada ya kuchajiwa, kisha ikashindwa kabisa pale stata, yaani mota inayowasha injini, inapodai mamia ya ampea kwa mara moja. Chaja zinazodaiwa kufufua betri za namna hiyo husaidia pale tu uharibifu ulipo mchanga, na si busara kuzitegemea.

Kipimo rahisi cha hali ya betri ni maltimita, yaani mita ya kupima volti na ampea. Pima baada ya gari kukaa saa kadhaa bila kuwashwa wala kuchajiwa, kwa sababu volti za juujuu zinazobaki baada ya kuchaji hudanganya. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7, ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Betri za AGM, ambazo asidi yake imenywewa na vitambaa vya nyuzi za kioo, husoma juu kidogo. Usiiache betri yoyote kati ya hizi ikae chini ya volti 12.4.

Wengi huamini kwamba inatosha kuwasha injini dakika kumi kila wiki na kuiacha ingurume pale pale. Desturi hiyo haina faida. Betri hupokea chaji haraka inapokuwa tupu, lakini sehemu ya mwisho ya kujaa huchukua saa nyingi hata alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, ikiwa nzima, na ikiwa taa na feni ya kupoza injini vinafanya kazi, kinachobaki kwa ajili ya betri ni kidogo. Zaidi ya hapo, injini isiyopata joto la kutosha huacha unyevu na mafuta ya petroli ndani ya oili na katika bomba la moshi. Ama liendeshwe safari ya kweli, ama lisiwashwe.

Dawa iliyo bora ni chaja ya kutunza, ile inayojirekebisha yenyewe. Hupandisha volti hadi karibu 14.4, hushikilia hapo mpaka betri ishibe, kisha hushuka hadi kati ya 13.2 na 13.6, kiwango ambacho betri inaweza kuachwa nacho kwa miezi. Chaja ya zamani inayosukuma umeme bila kukoma haifai kwa kazi hii, kwani huchemsha maji ya betri hadi mabamba yakabaki wazi. Huhitaji chaja kubwa. Yenye ampea moja hadi tano inatosha. La muhimu ni kuchagua mpangilio unaolingana na betri iliyomo: ya maji, ya AGM au ya jeli, ambayo asidi yake imegandishwa. Soma pia lebo kabla ya kuunganisha, kwa sababu baadhi ya magari ya michezo yamefungwa betri za lithiamu, ambazo hazipaswi kuguswa na mpangilio wa kufufua unaorusha volti za juu.

Kuunganisha kuna utaratibu wake. Chaja ikiwa imezimwa, funga koleo jekundu kwenye kichwa chanya, kisha jeusi kwenye chuma cha bodi kilicho mbali na betri, ndipo uwashe. Wakati wa kuondoa, zima kwanza. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa, hivyo milango ya gereji iwe wazi na pasiwe na moto wala cheche. Katika magari ambayo betri iko ndani ya buti au nyuma ya viti, hakikisha bomba dogo la kutolea gesi limeunganishwa, na ukibadilisha betri, mpya nayo iwe na tundu la bomba hilo. Kwa anayechaji mara nyingi, inafaa kufunga waya wa kudumu wenye fyuzi karibu na betri, ili kila mara iwe ni kuchomeka plagi tu.

Pasipo na umeme karibu, ondoa waya wa hasi. Waya wa hasi huwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi, ili spana ikigusa bodi isizue cheche. Ubaya wake ni kwamba king'ora hunyamaza, redio inaweza kudai namba yake ya siri, na vioo vya milango huenda vikahitaji kupangwa upya. Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi: ikiwa buti au boneti inayoifunika betri hufunguliwa kwa umeme, usiifunge kabla ya kujua njia ya dharura ya kuifungua. Betri iliyotengwa bado ichajiwe kila mwezi au miwili.

Betri ya maji yenye vifuniko ikaguliwe pia kiwango chake. Ongeza maji yaliyokenekwa pekee, kamwe si asidi, na uongeze baada ya kuchaji, isipokuwa mabamba yameshaonekana. Hapo weka kiasi cha kuyafunika tu kwanza. Vaa miwani na glavu. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa huondolewa kwa maji yenye magadi ya kuokea na brashi, kisha hukaushwa na kupakwa grisi.

Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 12.4 ndani ya siku moja au mbili, itenge na gari, ijaze tena, kisha uipime baada ya muda uleule. Ikishuka tena, imekwisha na inunuliwe nyingine. Ikisimama imara, tatizo limo garini: weka maltimita ya kupima ampea kati ya kichwa hasi na waya wake, subiri hata nusu saa kompyuta zilale, na uchomoe fyuzi moja moja mpaka mvuto ushuke. Usiwashe gari mita ikiwa bado hapo, kwa kuwa stata itaiunguza papo hapo.