Kabla Stesheni ya Kitongojini Haijajengwa Karibu na Maduka: Mambo ya Kuzingatia Mtwara

Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni iliishiwa na mzigo wake mkuu mpango huo ulipositishwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Leo, kila inapozungumzwa reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, wengi huwaza bandari, makaa ya mawe na chuma. Abiria anayetoka Mikindani kwenda mjini kununua mahitaji yake hutajwa kwa nadra. Kwa maoni yangu huyo ndiye wa kufikiriwa mapema, kwa kuwa stesheni ndogo ya pembezoni mwa mji, ikiwekwa jirani na soko au jengo la maduka, huwa na shughuli kila siku, hata pale treni ya mizigo isipopita.

Jambo la kwanza ni kuamua iwapo stesheni na maduka vitafunguliwa kwa pamoja. Huko Sheffield, Uingereza, kituo cha maduka cha Meadowhall kilifunguliwa mwaka 1990 kikiwa na stesheni yake ya treni pamoja na kituo cha mabasi. Mwaka huohuo, katika jimbo la Essex, kilifunguliwa kituo cha maduka cha Lakeside, lakini stesheni ya Chafford Hundred inayokihudumia ilifunguliwa miaka kadhaa baadaye, tena ikiwa na jukwaa moja tu kwenye njia moja ya reli, hivyo treni za pande zote mbili hutumia jukwaa hilohilo. Mji unaotarajia kukua hauna budi kutenga mapema nafasi ya jukwaa la pili, hata kama ujenzi wake utasubiri miaka mingi.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni njia ya miguu kati ya behewa na duka. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea mita 400 kwa takriban dakika tano, na kwenye mchoro umbali huo huonekana mdogo. Lakini mfikirie mama aliyebeba ndoo ya samaki kichwani, mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi, saa nane mchana katika jua la Mtwara, akakuta daraja la juu lenye ngazi peke yake. Mama huyo atavuka relini, na uzio utakaowekwa kumzuia utatobolewa kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo, kabla michoro haijapitishwa, wakazi waulize kama kuna mteremko wa kupanda taratibu, ambao kwa kawaida haupaswi kuzidi mita moja ya kimo kwa kila mita 12 za urefu, ili kiti cha magurudumu na mkokoteni vipite. Waulize pia kama sakafu ya behewa italingana na jukwaa, kama njia ina paa, na kama maji ya mvua za masika yana mtaro wa kutosha, maana njia inayojaa maji kwa miezi kadhaa haiwezi kuhesabiwa kuwa ipo.

Bajaji, bodaboda, mama lishe na machinga watafika siku ileile stesheni itakapofunguliwa, iwe wametengewa nafasi au la. Ni heri wapangiwe eneo lenye maji, vyoo na taa, pembeni mwa mlango badala ya mbele yake, na washirikishwe tangu vikao vya mtaa. Wenye viwanja waweke sawa nyaraka zao sasa, kwa sababu fidia ya ardhi inayotwaliwa hulipwa kwa kuangalia umiliki unaoweza kuthibitishwa.

Mwisho ni ratiba. Treni ya abiria ya jijini Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2012, ilipangwa kwa safari za asubuhi na jioni ili kuwahudumia waendao kazini na warudio nyumbani. Mpango huo haumfai mnunuzi, ambaye mara nyingi hutoka nyumbani baada ya kazi za asubuhi na kurejea alasiri. Stesheni ya maduka inahitaji treni za mchana, za Jumamosi na Jumapili, pamoja na treni ya mwisho inayoondoka baada ya maduka kufungwa ili wauzaji nao wapate usafiri. Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba na fedha za wakulima kuingia mjini, mabehewa yaongezwe, na hilo liandikwe ndani ya mkataba wa uendeshaji kabla haujasainiwa.