Umeoa kwa wakala na uko Marekani: namna ya kumwombea mwenzako viza

Shehe kasoma hotuba, walii kaozesha, wakala wako kakubali kwa niaba yako. Pilau imeliwa Tanga na wewe uko Columbus, Ohio, unatazama kwenye simu ukiwa bado na sare ya kazini. Kidini mambo yamekamilika. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, bado.

Kifungu cha 101(a)(35) cha sheria hiyo kinasema mtu hahesabiwi kuwa mume au mke kama wakati wa kufunga ndoa wawili hao hawakuwa pamoja ana kwa ana, isipokuwa kama baadaye wamekutana kimwili, yaani wamefanya tendo la ndoa. Kazi yangu ni kuandaa maombi ya familia, nikiwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya huku. Majalada ya ndoa za wakala yanayonifikia yakiwa yameshakataliwa, mengi yana kasoro ileile: fomu ilitangulia, safari ikafuata.

Hatua ya 1: Ndoa iwe halali ilikofungwa

Afisa huanzia hapo. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakubali mmoja asiwepo, mradi ridhaa yake aliitoa mbele ya shahidi, na shahidi huyo awepo ndoa inapofungwa. Kwa hiyo usimteue wakala juujuu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Andika barua ya uwakala, utie sahihi mbele ya mthibitishaji, na shahidi wa ridhaa yako awe mtu atakayehudhuria kweli.

Kenya ni habari nyingine. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hakuna ndoa ikiwa mmoja hayupo kwenye sherehe. Waislamu wana nafuu, kwa kuwa sheria hiyohiyo inasema vifungu vinavyopingana na sheria ya Kiislamu haviwahusu. Mkristo, au anayetaka ndoa ya serikali pale Nairobi, njia ya wakala aisahau.

Hatua ya 2: Karatasi

Kwa Bara, tafuteni cheti kilichosajiliwa RITA, ofisi ya serikali ya usajili; karatasi ya msikitini peke yake haitoshi. Majina yafanane na ya pasipoti, herufi kwa herufi. Kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, talaka iwe na hukumu ya mahakama, maana Bara ndoa huvunjwa na mahakama, na talaka ya mdomo haimridhishi afisa. Mke wa pili hapiti, hata kama kwenu ni halali kabisa. Hati ya Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri atie sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi.

Hatua ya 3: Safirini, mkutane, ndipo mfungue maombi

Hapa pasomeni mara mbili. Kukutana kunakohesabika ni kule kulikotokea baada ya nikaha. Mliishi pamoja miaka mitatu kabla, mna mtoto, kisha mkaoana kwa wakala? Mtoto huyo haondoi sharti hili. Na mkituma fomu leo mkakutana mwezi ujao, maombi yaleyale hayaponi, kwa sababu sharti lilipaswa kuwa limetimia siku yalipopokelewa. Mtaanza upya, na ada mtalipa upya.

Si lazima mkutane nyumbani. Aliyepewa hifadhi Marekani kwa kuikimbia serikali ya Kongo au Burundi asithubutu kurudi huko kwa ajili ya fungate, kwa kuwa safari hiyo inaweza kutumika kuhoji hofu aliyoieleza. Kutaneni nchi ya tatu: Nairobi, Kampala, Kigali, Dubai, popote wote wawili mnapoweza kuingia kihalali na mwenye hifadhi akarudi Marekani kwa hati zake za safari bila tatizo.

Wengine huniuliza kama warudie nikaha wakishakutana. Si lazima. Ndoa ya wakala iliyofuatiwa na tendo la ndoa huhesabiwa tangu tarehe ya nikaha ya kwanza. Vyeti viwili vyenye tarehe mbili vinampa afisa swali ambalo hakuwa nalo. Kama mmesharudia, vitajeni vyote viwili.

Ndoa za mtandaoni za Utah County, zilizovuma tangu 2020, zinaingia kapu hilohilo. Cheti ni halali Utah, lakini kama mmoja alikuwa Houston na mwingine Mombasa wakati wa kikao cha video, sharti la kukutana baadaye liko palepale. Mkiwa chumba kimoja mbele ya kamera moja, hamkuwa mbali na hili haliwahusu.

Hatua ya 4: Ushahidi

Hakuna anayetaka picha za chumbani, na tafadhali msizitume. Kinachotakiwa ni alama za kwamba mlilala chini ya paa moja: mihuri ya pasipoti ya wote wawili, tiketi, risiti ya hoteli yenye majina yenu, picha na ndugu kwenye walima, na viapo vya maandishi vya wazazi au wenyeji waliowapokea. Mtoto aliyetungwa mimba baada ya nikaha ni ushahidi mzito kuliko vyote. Mkifikia kwa shangazi badala ya hotelini, shangazi aandike tarehe mlizokaa kwake na anapoishi.

Hatua ya 5: Fomu I-130, ya kumwombea mwenzako

Andikeni tarehe na mahali halisi pa nikaha, kisha ambatisheni barua fupi: ndoa ilifungwa kwa wakala, jina la wakala, tarehe mliyokutana, na orodha ya vielelezo. Usijifanye ulikuwepo. Pasipoti yako haina muhuri wa siku hiyo na afisa ataona. Uongo wa namna hiyo unaweza kumfungia mhusika mlango wa viza maisha yake yote. Ongezeni fomu I-130A yenye taarifa za mwenzako.

Mwombaji raia, mwenzake hana foleni ya namba za viza. Mwenye ukaazi wa kudumu, mwenzake huingia kundi la foleni liitwalo F2A na hulazimika kufuatilia jedwali la viza la kila mwezi.

Raia ambaye ameoa kwa wakala na bado hawajakutana kimwili anaweza kutumia njia ya viza ya mchumba, K-1, kwa fomu I-129F. Kawaida lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kutuma, na ndoa mtaifunga Marekani ndani ya siku 90 tangu aingie. Binafsi naipendekeza mara chache, kwa sababu akishaingia mnalipia maombi mengine ya ukaazi.

Hatua ya 6: Ubalozini

I-130 ikipita, jalada huenda NVC, kituo cha viza. Mtajaza fomu ya viza DS-260 na fomu ya udhamini I-864. Kipato cha mdhamini kwa kawaida kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Angalieni pia amri za vizuizi vya viza kwa nchi yenu, maana tangu 2025 zimebadilika mara kwa mara.

Kwenye usaili mwenzako ataulizwa mlikutana lini, wapi, nani alikuwa wakala, nani aliwapokea. Ajibu anachokijua bila kukariri. Akiingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, kuanzia siku ya nikaha, atapewa kadi ya ukaazi ya miaka miwili yenye masharti. Siku 90 za mwisho kabla haijaisha ndizo za kutuma fomu I-751 ya kuondoa masharti hayo, kwa sahihi za wote wawili.