Namna ya Kumzeesha Mhusika Mkuu wa Gemu Bila Kumharibia Mchezaji Mkono

Gemu ya kwanza ikipendwa, ya pili hudaiwa. Ya tatu ikifika, watu wameishi na mhusika wako miaka kumi, na swali haliepukiki tena: anazeeka au hazeeki? Timu nyingi ndogo huliacha swali hili hadi mchoraji aanze kuweka mvi. Huko ni kuchelewa. Umri wa mhusika huamuliwa kwanza kwenye kalenda, kisha kwenye vifungo, na usoni mwisho kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa ajili ya timu za watu wachache hapa Nairobi wanaotengeneza gemu za simu za Android na kompyuta za kawaida.

Amua saa ya mfululizo wako inavyokwenda

Njia ya kwanza ni kusimamisha saa. Mario yupo tangu 1981 na hakuna anayemuuliza umri, kwa sababu hadithi zake hazina mwaka. Njia hii inafaa pale ambapo mchezaji anakuja kuruka na kukusanya, na hadithi ni kisingizio tu. Lakini ukishaweka tarehe hata moja kwenye skrini, ukataja uchaguzi au ukaonyesha kaburi lenye mwaka, saa imeanza kwenda na hutaweza kuirudisha.

Njia ya pili ni kubadilisha mtu. Pokémon humpa mchezaji mtoto mpya karibu kila kizazi cha gemu. Katika Gold na Silver za 1999, miaka mitatu imepita tangu gemu za kwanza, na Red, ambaye mchezaji alikuwa akimwendesha, anangoja kimya juu ya Mt. Silver akiwa mpinzani mgumu kuliko wote. Hakuzeeshwa uso wala hakusemeshwa, lakini kila aliyecheza gemu ya kwanza alijua muda umepita. Kwa timu yenye bajeti ndogo, hakuna mbinu ya bei nafuu inayoishinda hii.

Njia ya tatu ni saa kwenda sambamba na dunia. Kazuma Kiryu wa mfululizo wa Yakuza alizaliwa 1968. Katika gemu ya 2005 ana miaka 37, na katika Like a Dragon: Infinite Wealth ya 2024 ana 55 na anaugua saratani. Njia hii inajenga mapenzi mazito kuliko zote, na ndiyo inayodai nidhamu kuliko zote: ukitaka kumwona kijana tena, itabidi utengeneze gemu ya kurudi nyuma, kama Yakuza 0 ya 2015 iliyompeleka 1988 akiwa na miaka 20.

Njia ya nne ni kuruka miaka mingi kwa mkupuo, na hapa ndipo watu huumia. Tekken 3, iliyojaa kwenye vibanda vya PlayStation vya mtaani, iliruka takriban miongo miwili baada ya Tekken 2. Nina Williams alilazwa katika usingizi wa baridi ili asizeeke, na Marshall Law akampisha mwanawe Forest. Tekken 4 ya 2001 ilipotoka, Marshall alikuwa amerudi. Mortal Kombat X ya 2015 nayo ilifika hadi miaka 25 mbele na kuleta watoto wa mashujaa, akiwemo Cassie, binti wa Johnny Cage na Sonya Blade. Mortal Kombat 11 ya 2019 ikachezea wakati na kuwarudisha wazazi wakiwa vijana. Kabla ya kuruka, jiulize ni wahusika gani mashabiki hawatakubali wakosekane, na uandike leo watakuwa na umri gani baada ya mruko. Usipofanya hivyo, gemu inayofuata itakulazimisha ubuni mashine ya kurudisha wakati.

Tengeneza jedwali la umri

Fungua lahajedwali lenye safu sita: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa hadithi, umri, kazi yake mwaka huo, na jambo la dunia linaloonekana kwenye skrini. Tuchukue mfano wa Ouma, makanga wa matatu ya 58 ya Buruburu, aliyezaliwa 1984. Gemu ya kwanza iko 2004, ana miaka 20. Ya pili iko 2022, ana 38.

Safu ya sita ndiyo itakayokuokolea pesa, kwa sababu Nairobi yenyewe ni saa. Mwaka 2004 sheria za Michuki, zile za waziri wa uchukuzi John Michuki kuhusu matatu, zimeanza: mstari wa njano ubavuni, mikanda ya usalama, makanga kavaa sare ya rangi ya damu ya mzee. Nauli ni pesa taslimu, maana M-Pesa ilikuja 2007. Abiria wanashuka na mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mwaka 2022 abiria analipa kwa simu, noti zimebadilika tangu 2019, na Uhuru Highway imefunikwa na nguzo za Expressway. Vitu vitano kama hivi kwenye mandhari vinatangaza miaka 18 kabla Ouma hajafungua mdomo.

Makosa ya kawaida hapa ni ya hesabu. Binti yake Akinyi akiwa na miaka 16 mwaka 2022, alizaliwa 2006, kwa hiyo hawezi kutokea akiwa mchanga katika gemu ya 2004. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kubadilisha safu ya mwaka wa kuzaliwa.

Mazungumzo nayo yabebe umri. Mwaka 2004 abiria anamwita "we kijana" au "kange". Mwaka 2022 vijana wa stegi wanamwita "buda" au "mzee", na jirani anamwita Baba Akinyi. Badilisha majina haya anayoitwa kwanza, kabla ya kuandika mstari wowote wa yeye kulalamika kuhusu goti. Mhusika anayesema "nimezeeka" kila dakika tano anachosha, ilhali anayeitwa mzee kwa mara ya kwanza na kugeuka kuangalia nani kaitwa anamwambia mchezaji yote.

Weka umri kwenye vifungo

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi. Kanuni ni moja: ondoa uwezo mmoja ambao mchezaji aliuzoea, umpe mwingine ambao kijana asingekuwa nao.

God of War ya 2018 inaonyesha kanuni hiyo vizuri. Kratos, shujaa wa mfululizo huo, aliruka huku na huku katika gemu ya kwanza ya 2005. Kratos mwenye ndevu hana kifungo cha kuruka hata kimoja, anapanda pale tu mandhari inaporuhusu. Badala yake kuna kifungo cha mraba, kinachomwagiza mwanawe Atreus apige mshale. Kidole gumba cha mchezaji ndicho kinachojifunza kwamba huyu sasa ni baba. Kwa Ouma tungefanya vivyo hivyo. Mwaka 2004 mchezo wake ni kukimbia nyuma ya gari linaloondoka na kudandia mlango. Mwaka 2022 yeye ndiye dere: kifungo kile kile cha kudandia sasa kinamwagiza makanga kijana aruke, na Ouma anapewa jambo jipya, kusoma barabara. Anaona dalili za msongamano au ukaguzi mbele kabla ya wengine, kwa sababu ameiendea njia hiyo miaka 18.

Ukitaka umri uwe namba inayobadilika wakati wa kucheza, ichunguze Sifu ya 2022. Mchezaji anaanza akiwa na miaka 20, na kila akifa kaunta ya vifo inaongezeka kwa moja, kisha umri unaongezwa thamani ya kaunta. Vifo vinne vya mfululizo ni 20 + 1 + 2 + 3 + 4, yaani miaka 30. Kuwashinda maadui wagumu kunashusha kaunta. Akizeeka, uhai wake unapungua lakini pigo lake linakuwa zito zaidi. Bila kipande hicho cha mwisho, uzee ungekuwa adhabu tupu na mchezaji angeanza upya kila akifa mara mbili.

Metal Gear Solid 4 ya 2008 ilichukua njia nyingine. Snake ana miaka 42 ila mwili umezeeka mapema kupita kiasi, na gemu ina kipimo cha hali ya akili: msongo ukizidi, shabaha inatikisika na nafuu inachelewa. Ukiiga hili, hakikisha mchezaji ana namna ya kukipandisha kipimo ndani ya sekunde chache, la sivyo atahisi anaadhibiwa kwa jambo asilolifanya.

Infinite Wealth nayo inamfanya Kiryu azunguke mahali penye kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zinamwongezea nguvu katika mapambano. Yaliyopita yanageuka kuwa kitu cha kukusanya. Kama una gemu ya kwanza yenye mandhari uliyokwisha kuyatengeneza, tayari unayo malighafi ya mfumo kama huo.

Usiguse fremu za mwanzo

Watu wakitaka mhusika aonekane mzee humfanya awe mzito kila mahali, kisha wanashangaa kwa nini gemu inachukiwa. Fremu ni picha moja ya skrini, na fremu za mwanzo ni zile kati ya kubonyeza kifungo na pigo kufika. Tuseme ngumi ya Ouma kijana inamfikia adui fremu ya 8, gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde. Hizo ni takriban milisekunde 133. Ukiisogeza hadi fremu ya 14 umeongeza milisekunde 100, na kwenye simu kioo chenyewe kina kuchelewa kwake. Mchezaji hatasema Ouma amezeeka. Atasema gemu ina-lag.

Kwa hiyo acha fremu za mwanzo zilivyo. Umri uweke baada ya pigo: fremu 12 za kurudi kusimama ziwe 18, pamoja na pumzi inayosikika. Uweke pia anaposimama bila kuguswa: baada ya sekunde 8 hivi anashika kiuno, anahamisha uzito mguu hadi mguu.

Mwendo wa kutembea una mtego wake. Kijana akienda mita 1.5 katika mzunguko wa fremu 30, animesheni ikiwa imechorwa kwa fremu 30 kwa sekunde, kasi yake ni mita 1.5 kwa sekunde. Mzee akienda mita 1.3 katika fremu 34, kasi ni takriban mita 1.15. Mwanimeshaji akibadilisha mzunguko na mwandishi wa msimbo akaacha 1.5, miguu itateleza sakafuni. Badilisheni vyote viwili siku moja. Halafu, kwa kuwa kutembea kumepungua kwa karibu robo, acha kasi ya kukimbia kama ilivyokuwa. La sivyo, safari kati ya kazi na kazi zitachosha.

Ukiinamisha uti wa mgongo nyuzi 5 hadi 8, kichwa kinashuka. Kamera iliyofungwa kwenye mfupa wa kichwa itashuka na kuyumba nacho, kwa hiyo ifunge kwenye mzizi wa mifupa, yaani mfupa wa msingi unaobeba modeli nzima. Na ukipunguza urefu wa kuruka huku ukitumia tena mandhari ya gemu ya kwanza, pima kila pengo upya. Pengo moja tu lisilovukika linaweza kumfungia mchezaji njia.

Uso na sauti

Fanya kazi hii mwisho, na kwa kiasi. Usinunue vifurushi vya makunyanzi vilivyopigwa picha kwenye nyuso za Wazungu ukavibandika juu ya Ouma. Kwenye ngozi nyeusi makunyanzi madogo huchelewa sana. Mtu wa miaka 38 huonyesha umri kwenye mifuko ya macho, mikunjo kutoka puani hadi mdomoni, rangi ya ngozi isiyolingana, nywele zinazorudi nyuma kwenye paji la uso, na mvi chache kidevuni. Ongeza unene shingoni na kiunoni. Mikono isisahaulike, hasa katika gemu ya mtazamo wa macho ya mhusika, kwani ndiyo inayoonekana muda wote. Modeli moja ya kichwa yenye picha mbili za ngozi inatosha, na haimnyonyi mchezaji bando kama modeli mbili.

Sauti, mrudishe mwigizaji yule yule ukimpata. Usishushe sauti ya zamani kwa kompyuta, maana pumzi na kasi ya maneno hubaki za kijana. Ukilazimika kubadilisha mtu, mbadilishe pale kila kitu kingine kinapobadilika. Kratos alipata mwigizaji mpya mwaka 2018 sambamba na kamera mpya, silaha mpya na nchi mpya, ndiyo maana wengi walimpokea.

Jaribu kabla ya kutoa

Tafuta watu sita hadi wanane, nusu yao walioicheza gemu ya kwanza. Kibanda cha gemu mchana wa siku ya kazi kina nafasi, zungumza na mwenyewe ulipie saa. Usiwaambie chochote kuhusu umri. Baada ya dakika kumi uliza swali moja: Ouma amebadilika vipi?

Wakisema padi ina shida, au gemu ni nzito, rudi kwenye fremu za mwanzo. Wakitaja mvi peke yake, umri bado uko usoni, haujafika mikononi. Wakisema "siku hizi anatuma yule kijana", mfumo umefanya kazi. Na wasioijua gemu ya kwanza wakiuliza kwa nini kila mtu anamheshimu hivyo, ongeza tukio moja fupi mapema linaloonyesha alichokifanya 2004. Rekebisha namba moja tu kati ya jaribio na jaribio, uiandike kwenye lahajedwali lile lile, maana gemu ya tatu itaanzia hapo.