Kabla ya kuulizia uyoga: kumwachisha ndugu pombe bila kumpoteza

Habari za silosaibini, kemikali ya uyoga fulani, zimefika Dodoma, na familia zinauliza kama itamtoa mtu kwenye gongo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022, walevi walipewa dozi mbili, ya kwanza miligramu 25 kwa kila kilo 70 za uzito. Kwa wiki 32 zilizofuata, siku za kunywa kupindukia zilikuwa karibu asilimia 10, dhidi ya 24 kwa waliopewa dawa ya mzio kama kilinganisho. Wengi husahau jambo moja: dozi ilikuja baada ya wiki nne za ushauri nasaha. Hapa nchini tiba hiyo haijaidhinishwa, na uyoga wa porini msiuguse. Upo unaoua ini.

Shughuli yenyewe iko kwenye siku nne za mwanzo za kuacha pombe. Anayeamka akitetemeka mpaka apate glasi, au aliyewahi kuanguka kifafa alipoacha, asiachishwe ghafla nyumbani. Kumfungia chumbani "pombe imtoke" ni hatari. Mpelekeni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, au kituo cha afya kilicho karibu, mkiwa mmeandika: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, saa aliyokunywa mara ya mwisho, dawa anazotumia, kama aliwahi kupata degedege.

Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 8 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi kati ya saa 12 na 48: mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Siku ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Akianza kuona wadudu ukutani, homa ikapanda, asijue alipo, ni dharura hata kama jana alionekana nafuu.

Msikimbilie dripu ya glukosi duka la dawa. Mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa vitamini B1. Sukari ikitangulia, ubongo unaweza kudhurika. Mwambieni mhudumu aanze na sindano ya B1. Diazepamu, dawa ya kutuliza, nayo ni ya kupewa chini ya uangalizi, kwani ikikutana na pombe huzima pumzi.

Akivuka, rudini kliniki baada ya wiki nne. Huzuni iliyoletwa na pombe mara nyingi huwa imepungua. Ikibaki, daktari ataitibu kama sonona yenyewe.