Kuondoa gundi ya tinti na stika kwenye vioo vya gari

Gari lililotumika likitoka Japani huja na stika zake kiooni: ya ukaguzi pale juu karibu na kioo cha dereva cha kutazamia nyuma, ya gereji mlangoni. Ukizibandua, karatasi inatoka na gundi inabaki. Tinti iliyopigwa jua miaka mingi ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu plastiki inachanika vipandevipande na gundi yote inabaki kwenye kioo.

Mimi ni fundi tinti, na jambo ninalosisitiza kwa kila anayetaka kujifanyia mwenyewe ni hili: chagua dawa kwa kuangalia gundi imekaa juu ya nini. Thina inatoa gundi kwenye kioo bila shida, lakini thina hiyohiyo ikigusa taa ya mbele, ambayo ni plastiki, inaiharibu moja kwa moja. Rangi ya bodi nayo inalainika na kutoka.

Andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chupa ya kupulizia, nyembe mpya zenye kishikio, nailoni nyeusi, spiriti, mafuta ya taa kidogo na vitambaa vya pamba. Tandika taulo juu ya dashibodi na kwenye swichi za milango, maji yasiingie.

Hatua ya 1: Osha kioo. Usiruke hapa. Chembe ya mchanga ikinaswa chini ya wembe ndiyo inayochora kioo.

Hatua ya 2: Pasha joto. Egesha gari kwenye jua la mchana, au tumia drai ya nywele ukiizungusha, usiikaze sehemu moja. Anza kwenye kona. Vuta polepole huku tinti ikiwa imelala karibu na kioo. Ukivuta kwa haraka inakatika, na gundi nyingi inabaki nyuma.

Hatua ya 3: Lowesha, funika, subiri. Gundi ya stika haikauki kama ya mbao. Imetengenezwa ibaki laini ili ishike kwa kubonyezwa tu. Ndiyo maana ukiisugua kavu inasambaa na kukusanya vumbi. Pulizia maji ya sabuni mpaka yachuruzike, bandika nailoni juu yake, acha jua lifanye kazi nusu saa au zaidi. Funua uangalie: gundi iliyokuwa angavu inageuka nyeupe kama maziwa. Ikiwa bado angavu, lowesha tena.

Hatua ya 4: Kwangua kioo cha mbele na cha milango. Laza wembe, usukume mbele tu, kisha uuinue. Usiurudishe nyuma ukiwa umegusa kioo. Kioo kibaki na maji muda wote, na wembe ukianza kukwama badilisha.

Kioo cha nyuma wembe usikiguse kabisa. Ile mistari myembamba ya kahawia inayokatiza kioo ni nyaya za kupasha joto ili ukungu utoke, na imechapwa juu ya uso wa ndani. Mkwaruzo mmoja ukikata mstari, mstari ule haufanyi kazi tena, na msimu wa mvua utauona: kioo kizima kinasafika, pale panabaki na ukungu. Hapa rudia hatua ya 3 mara nyingi kadiri inavyohitajika, kisha futa kwa kitambaa ukifuata mistari ilivyolala, usiikatize. Gundi inatoka ikijiviringa chini ya kidole. Inachosha, lakini njia ya mkato hapa inamgharimu mwenye gari.

Hatua ya 5: Mabaki. Mimina spiriti kwenye kitambaa, si kwenye kioo, kandamiza kidogo, kisha futa. Gundi sugu sana pakaa mafuta ya taa, subiri dakika chache, ufute, halafu osha kwa sabuni mpaka utelezi uishe. Fungua milango yote, chomoa drai kwanza, na asiwepo mvuta sigara karibu. Petroli usitumie: mvuke wake unajaa ndani ya gari na cheche ndogo inatosha.

Gundi ikiwa kwenye plastiki ya dashibodi au kwenye rangi, anza na mafuta ya kula. Yaache yaloweke, kisha futa na kuosha. Yakishindwa, jaribu spiriti kwanza mahali pasipoonekana.

Kabla ya kubandika tinti mpya, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni na upitishe ncha ya kidole kwenye kona na kandokando ya mpira. Gundi iliyobaki hujificha huko, na tinti mpya ikiikalia itatoa kidoto ambacho hakiondoki mpaka uibandue tena.