Boti ya mfereji Uingereza: vifaa vya kuacha dukani, na vya kununua badala yake

Aliyenunua boti nyembamba ya chuma kwa ajili ya mifereji ya Uingereza huingia duka la vifaa akakuta rafu nyingi zimejaa vitu vya watu wa baharini. Kabla ya kutoa pesa, fikiria maji unayokwenda kuyapita. Sehemu nyingi kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni au kifuani. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye mifereji mingi ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4. Madaraja ni ya chini, na kila baada ya muda unakutana na loki: chumba cha matofali au mawe chenye milango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa au kutolewa ili boti ipande au ishuke. Hapo ndipo kifaa kinapojulikana kama kinafaa au ni mzigo.

Tuanze na kinachoweza kukuzamisha. Fenda za ubavuni, yale matakia ya mpira yanayoning'inizwa ili rangi isikwaruzwe, watu hununua sita au nane na kuziacha zikining'inia safari nzima. Boti ina upana wa mita 2.08. Loki nyembamba ina mita 2.13. Nafasi iliyobaki, pande zote mbili kwa pamoja, ni sentimita 5, na fenda ya kawaida ni nene kuliko hapo. Ukiwa unapanda, fenda itakatika au boti itakwama. Ukiwa unashuka ni hatari zaidi: fenda ikibanwa ukutani, ubavu mmoja unaning'inia huku mwingine ukiendelea kushuka na maji. Boti inalala upande, maji yanaingia kwa matundu ya hewa, na dakika chache zinatosha kuizamisha. Ukiona inaanza kuinama, usishughulike na fenda. Funga vilango vya chini vinavyotoa maji, vyote, mara moja. Kisha fungua vya juu taratibu, maji yarudi na boti inyanyuke.

Nunua fenda mbili au tatu tu, za kutumia ukiwa umefunga boti, na uzipandishe juu ya paa kabla ya kuwasha injini. Zifunge kwa kamba nyembamba ya milimita 6, ili ikibidi, kamba ikatike kwa urahisi zaidi. Tairi la gari usilitumie. Likikatika linazama, na linakaa chini likisubiri rafadha ya mwenzako, yaani panga za kusukumia boti. Fenda ya omo (mbele ya boti) na ya tezi (nyuma) ni jambo jingine, hizo zibaki, kwa sababu zinapokea pigo la milango ya loki.

Sasa hendeli ya loki, ule mkono wa chuma wa kuzungushia mashine inayoinua vilango vya maji. Hapa duka litakupa chaguo linalovutia: hendeli ya alumini, nyepesi, inayong'aa, bei juu. Iache. Siku itakayokuponyoka ikaangukia majini, na siku hiyo ipo, sumaku haitaiokoa, maana sumaku haishiki alumini. Chukua hendeli mbili za chuma cha kawaida zenye matundu mawili ya mraba, dogo la milimita 25 hivi na kubwa la 32 hivi, kwa kuwa mashine hazilingani kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Mkono mrefu hupunguza nguvu unayotumia, lakini kwenye loki nyingine hugonga boriti ya mlango na kukuchubua vidole, kwa hiyo moja iwe ndefu na nyingine fupi.

Sumaku yenyewe ni ya kununua: yenye uwezo wa kubeba kilo 60 au zaidi, na kamba ya mita 10. Iteremshe kutoka ukingoni, kamwe si kutoka kwenye boti, la sivyo itang'ang'ania bodi ya boti yako. Iburute polepole kwenye tope, karibu na ukuta, hadi uhisi uzito. Na kilango kikishainuliwa, hakikisha kizuizi cha meno kimekaa, kisha toa hendeli. Ukiiacha juu ya mashine na kizuizi kikateleza, inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono au kuruka ikampiga aliye karibu.

Mashine ya kusukuma omo kwa umeme inagharimu maelfu ya pauni, inahitaji betri yake upande wa mbele na nyaya nene za kuichaji, na bomba lake huziba kwa vijiti na majani. Boti ya mita 17 hugeuka bila hiyo. Ingiza omo kwenye ule upana uliochimbwa kwa ajili ya kugeuzia, sukuma kana (mkono wa usukani) hadi mwisho, piga injini mbele kwa nguvu kidogo kidogo, kisha rudi nyuma kusimamisha mwendo, na urudie. Upepo ukikushinda, shika upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, wa mita 3 hivi. Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki anaujua: maji haya ni ya upondo kabisa. Usimamishe chini ya maji, uegemee, usiweke kichwa chake kifuani ili kusukuma, maana ukikwama kwenye tope utakuvuta. Mwenye mabega mabovu anayesafiri peke yake ana sababu nzuri ya kuitaka mashine hiyo; wengine wengi hawana.

Kipima kina, rada na ramani ya setilaiti ya baharini havina kazi hapa. Kipima kina kitakuambia muda wote kwamba maji ni machache. Redio ya VHF (ya mawasiliano kati ya vyombo vya majini) na nanga navyo havihitajiki ndani ya mfereji, ila ukiingia mto Thames penye kupwa na kujaa, boti ya mita 13.7 au zaidi lazima iwe na redio. Mtoni, nanga ya kilo 20 hadi 25 iwe juu ya sitaha, mnyororo umeshafungwa. Nanga iliyozikwa kabatini haiwezi kukusaidia injini inapozima.

Jenereta ya upepo inaelekea kuwa kitu cha kujutia. Boti hulala nyuma ya miti na tuta, mlingoti unashushwa kwa ajili ya madaraja, na mtetemo wake husikika ndani usiku kucha kupitia chuma. Fedha hiyo iweke kwenye paneli za jua, ukijua kwamba Desemba zitatoa sehemu ndogo tu ya umeme wa Juni. Birika la umeme pia liache. La wati 2,000 kwenye betri za volti 12 huvuta zaidi ya ampea 165, na ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ni kama 185. Birika la kuweka juu ya jiko la gesi linachemsha chai bila kuua betri.

Visu vya kukatia kamba vinavyofungwa kwenye shafti ya rafadha huuzwa kama dawa ya kila kitu. Vinakata magugu na kamba nyembamba, ila waya na zulia vinabaki palepale, na wewe unaingiza mkono kwenye maji usiyoyaona penye makali. Kisu cha mkate chenye meno, koleo la kukatia waya na glovu nene vinatosha. Zima injini, weka ufunguo mfukoni, ndipo ufungue kifuniko cha kufikia rafadha. Ukimaliza, kikaze mpaka mwisho na uhakikishe hakivuji kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu rafadha hupandisha maji na kifuniko kilicholegea hujaza chumba cha injini.

Kengele ya hewa ya kaboni monoksidi isiguswe na mpango wa kubana matumizi. Ni lazima kwa boti zenye malazi, tangu Aprili 2019, na inaokoa maisha ya watu waliolala karibu na jiko la makaa.

Mwisho, kile kijipira cha koki (gamba jepesi la mti, la kutengenezea vizibo) kinachofungwa kwenye funguo ili zielee. Kinafaa, lakini kimoja kwa kawaida hakiwezi kubeba shada zima. Jaza ndoo maji, tupia funguo zote kama unavyozibeba, na kama zinazama, ongeza koki ya pili au punguza funguo mpaka zielee.