Kutengeneza kipindi cha runinga kuhusu sherehe ya asili: tuchukue Bulabo ya Bujora

Vipindi vingi vya utamaduni kwenye runinga zetu za mikoani vinafanana: mtangazaji mbele, ngoma nyuma, mgeni rasmi anahojiwa, kwisha. Aliyekaa nyumbani haelewi nani alikuwa anashindana na nani. Natumia mfano wa Bulabo, sherehe ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kwa sababu hiyo ukiiweza, nyingine hazitakusumbua.

1. Anza na tarehe, kisha watu. Bulabo hufuata sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na hiyo huhesabiwa kutoka Pasaka, kwa hiyo kila mwaka inahama kati ya Mei na Juni. Ukishajua siku, nenda kwa viongozi wa ngoma mapema, wakiwa bado mazoezini. Nenda kwa Bagika na kwa Bagalu pia. Hawa ni makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wapinzani wa jadi. Ukionekana upande mmoja tu, wa pili watakuona umetumwa. Makubaliano ya kutumia nyimbo yaandikwe na kusainiwa hapohapo, maana wimbo una mtunzi wake na siku ya sherehe hakuna atakayekuwa na muda wa kukusikiliza.

2. Panga kamera kwa kuufuata umati. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye mashindano, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watazamaji ndio waamuzi. Kwa hiyo kamera mbili zikae kwa wachezaji, moja kila upande, na ya tatu ipande juu, hata kama ni kwenye bodi ya Fuso, ifungwe kwenye stendi na iangalie uwanja mzima bila kuzimwa. Ile picha ya watu wakimiminika kutoka upande mmoja kwenda wa pili ndiyo hadithi yenyewe.

Droni? Kwanza inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini hata ukiwa nacho, fikiria: ikiruka juu ya kundi moja, watoto wote wanaikimbilia, na wewe umeshachezea matokeo.

3. Mipangilio. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, kamera zote sawa. Wanapocheza bugobogobo, ngoma ya majembe, majembe hurushwa juu na kudakwa. Mpigapicha aliyevuta karibu mno atapata mikono mitupu inayosubiri kitu kisichoonekana. Aache nafasi juu ya vichwa, avute karibu jembe likishatua.

4. Sauti. Maiki ya juu ya kamera haitoshi. Weka rekoda pembeni, mbali kidogo na ngoma kubwa, kiwango cha sauti kicheze karibu na -12 dB. Rekodi angalau wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho bila kukata. Ndio utakaofunika mikato yako yote. Piga kofi moja mbele ya kila kamera ili upate pa kulinganishia sauti ya rekoda na picha.

5. Tafsiri jioni ileile. Nyimbo za mashindano hutaja watu na kuwakejeli wapinzani. Kaa na mzee anayejua Kisukuma cha ndani, si kijana wa mjini aliyekulia Nyamagana, na umwombe akueleze mistari kabla hujaandika maandishi ya chini. Kuna kejeli ya uwanjani ambayo ikirushwa hewani inageuka kesi.

6. Hariri. Uliza kituo nafasi ya nusu saa inabaki dakika ngapi baada ya matangazo ya biashara. Fungua na umati ukihama, historia ije baadaye. Halafu acha ngoma moja icheze dakika tatu nzima, mtangazaji akae kimya. Mkuu wa vipindi atalalamika, mtetee.

Nakala za makundi yote mawili ziweke kwenye flashi na uzipeleke siku moja. WhatsApp inabana picha, na atakayepata ya kwanza atasema ndiye aliyeshinda.